Mchanga Niliosema Nimeutia

Kosa ni langu, nalisema mapema ili msije mkanionea huruma katikati ya habari. Niliwakalisha wazee wangu kwenye theluji siku waliyokuja kuniposea. Kisha nikasimama mbele ya watu na kusema simjui aliyewafanyia hivyo.

Mimi ni Mrundi, nimekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, na sasa naishi Lackawanna, jirani na Buffalo. Nafanya kazi kwenye yadi ya treni za mizigo. Watu wetu wengi wako maghalani na viwandani, kwa hiyo mimi na treni zangu nilijiona mtu mkubwa. Ukinikaribisha kwako, utasikia habari za breki mpaka chai ipoe. Mchumba wangu Aline alishanizoea. Baba yake, Mzee Salvator, alinivumilia tu.

Kazi yangu mojawapo ilikuwa kujaza mchanga kwenye vichwa vya treni. Msicheke. Kila kichwa kina masanduku ya mchanga, na mabomba ya kuumwaga mbele ya magurudumu. Wakati wa baridi reli huteleza kama sabuni. Treni nzito ikipanda mlima bila mchanga, magurudumu yanazunguka palepale na mzigo hausogei.

Asubuhi ya posa nilikuwa na zamu fupi. Bomba la kujazia mchanga lilikuwa limeganda, na suti yangu ilikuwa inaningoja kwenye gari. Ningeweza kuliyeyusha, lakini mikono ilikuwa inauma na akili ilikuwa kwa Aline. Msimamizi aliponiuliza kama treni ya kusini iko tayari, nikamjibu iko tayari. Nikaenda kuoga, nikajipulizia marashi mpaka nikapiga chafya, nikaondoka.

Kina Aline wanaishi mji mdogo huko kusini, kwenye vilima, ambako Mzee Salvator anafanya kazi kiwanda cha maziwa. Wazee wangu walikuwa njiani. Baba mdogo, msemaji wetu, alitoka Okolona, kule Louisville, akapitia Reynoldsburg kumchukua Bibi na mashangazi. Bibi ndiye aliyenilea kambini. Magoti yake hayapatani na baridi, lakini alisema posa ya mjukuu wake haitapita yeye akiwa kitandani.

Mimi nilitangulia ukumbini kupeleka soda. Upande wa wakwe viti vilijaa. Upande wetu nilikuwa mimi na viti.

Baba mdogo akapiga simu. Alisema wamefika karibu kabisa, ila kuna treni imekwama mlimani na kuziba barabara, na ile barabara nyingine imefungwa kwa theluji.

"Magurudumu yanazunguka," akasema, "lakini haiendi popote."

Nilijua ni treni ipi. Nikaiweka chini soda niliyokuwa nakunywa.

Walikaa pale mchana mzima, hadi kichwa kingine kilipokuja kuisukuma kwa nyuma. Ukumbini, mjomba wake Aline alianza kusema kwa sauti kwamba mtu akikudharau huanza kwa kuchelewa. Mzee Salvator alikuwa akihesabu viti vyetu vitupu, na hilo ndilo lililonitisha. Aline alinipitishia sambusa huku macho yake yakiniuliza kama ndugu zangu wamebadili mawazo.

Hatimaye wakaingia. Mashangazi wangu walikuwa wamejifunika mablanketi mapya, yale tuliyomnunulia mama mkwe kama zawadi. Bibi alikuwa amebebwa na Baba mdogo, miguu imekufa ganzi, hawezi kusimama. Mama yake Aline akaacha mambo ya itifaki, akaleta beseni la maji ya vuguvugu na kumkanda mwenyewe.

Baba mdogo akaomba radhi kwa niaba yetu. Alieleza kwamba kondakta wa treni, alipokuwa akikagua mabehewa, aliwaambia masanduku ya mchanga yalikuwa matupu, na huko yadi kuna mtu alisema yamejaa. Watu wakacheka, hasira ikapungua. Mzee Salvator akanigeukia.

"Wewe ndiye mtu wa reli. Unamjua huyo?"

"Simjui, baba," nikasema. Kisha nikaongeza kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu. Jamani, hiyo ya uvivu nani aliniomba?

Posa ikapokelewa. Nilirudi kazini nikiimba, nikakuta Denise ameondolewa kwenye treni. Denise ndiye dereva aliyekuwa anaendesha treni ile, mama mmoja aliyeniletea glavu majira yangu ya kwanza ya baridi pale yadini. Wakubwa walikuwa wanasema mchanga ulijazwa, ila aliumaliza ovyo kwa kutojua kuupanda ule mlima, na wanamchunguza.

Nikamweleza Aline yote. Hakunifokea. Aliniambia niende kwa msimamizi, kisha kwa baba yake, na nisimpigie yeye simu mpaka nimemaliza kwa wote wawili.

Msimamizi alinisimamisha kazi. Niliporudishwa nilipewa koleo la theluji, na hadi leo ndilo cheo changu. Denise alirudi kwenye treni yake. Alikaa siku nyingi bila kunisalimia, na sikumlaumu.

Mzee Salvator alinisikiliza hadi mwisho.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Wewe ukiguswa habari za treni hunyamazi mpaka tukuombe. Siku ile uliwalaumu vijana, kisha ukashika sahani ya sambusa bila kutaja hata breki."

Akasema binti atakuwa wangu, ila kwanza Bibi asikie kutoka kinywani mwangu.

Nikaendesha gari hadi Reynoldsburg. Nilimkuta Bibi sebuleni baada ya ibada, kati ya mashangazi na watoto. Nikapiga magoti, nikamnong'oneza kwamba mwenye kosa la mchanga ni mimi.

"Sema tena," akasema. "Sikio hili limezeeka."

Nikahamia sikio la pili. Akataka niongeze sauti. Nikasema kwa sauti ya mahubiri, hadi watoto wakaacha simu zao kunitazama. Bibi akanishika kichwa.

"Nilikusikia tangu mwanzo," akasema. "Nilitaka na wewe ujisikie."

Nawaomba nyote mnaofanya kazi mahali ambapo hakuna anayewaona: ukisema "tayari" na si tayari, usidhani umeidanganya kampuni tu. Mahali fulani kuna gari limesimama kwenye theluji, na ndani yake yumo bibi wa mtu.