Mfiwa Mwenye Pembe

Mama Stella hakuwa mjinga, na anayesema alizembea aje aseme mbele yangu. Mumewe Ladislaus alipofariki, machozi hayajakauka, alimtoa mbuzi wake Bosi akamficha kwa jirani yake Anjelina, nyuma ya mikorosho. Huku kwetu Newala kila mtu anajua: msiba ukiingia, watani nao wameingia. Mtani akikuta mnyama uani kwa mfiwa, ni wake huyo. Atamchinja, watu watakula, na mfiwa akinuna ndiyo kajitia aibu kabisa.

Lakini Bosi hakuwa mbuzi wa kufichika. Mama yake alikufa akimzaa, tena kiangazi, wakati hata maji ya kunywa watu yanapandishwa kutoka bondeni. Bibiana, hilo ndilo jina lake Mama Stella, alimlea kwa chupa ya soda iliyovishwa chuchu ya mtoto. Maziwa aliomba kwa wenye mbuzi, yakikosekana akakoroga uji mwepesi. Ladislaus alimcheka mkewe weee, kisha akakutwa yeye mwenyewe anakifunika kile kitoto kwa koti lake. Watoto walikuwa wameshaoa na kuolewa, nyumba imepoa, basi mbuzi akawa ndiye wa kusemeshwa. Alipokua alimfuata Bibiana shambani, kisimani, hata kanisani, anasimama mlangoni mpaka padri akamzoea. Usithubutu kumwambia Bibiana kwamba yule ni mbuzi tu, utaondoka pale huna hamu.

Siku ya kuanua matanga ikafika. Wafiwa wamekaa mkekani wananyolewa, mjane kwanza, halafu watoto. Wanawake wakaanzisha wimbo, Bibiana naye akaitikia. Hapo ndipo alipokosea. Bosi kusikia ile sauti, akakata kamba huko kwa Anjelina, akaja mbio mpaka katikati ya uwanja na kuanza kumsukuma Bibiana kwa kichwa magotini.

Dastani, mtani mkubwa wa ukoo wa marehemu, tangu asubuhi alikuwa anaigiza mwendo wa Ladislaus na kikohozi chake, watu hoi. Alipomwona mbuzi alivyonona, akaacha yote akamshika pembe. Akamfunga kwenye nguzo ya jiko, akaagiza kisu kinolewe, akauliza na pilipili imewekwa wapi.

 Bibiana alitaka kumrukia yule mwanamume, lakini alijua akionyesha hasira tu, Bosi amekwisha. Njia ya kumkomboa mnyama kwa mtani ni moja: umshinde kwa utani mbele za watu, mpaka akubali mwenyewe. Na Dastani kwa mdomo, jamani, hajawahi kushindwa na mtu.

Bibiana akajipapasa kipara chake kipya. Kisha akainuka kama mtu anayekwenda kuangalia chungu jikoni, akachukua wembe na beseni la maji ya sabuni pale mkekani. Akapiga magoti mbele ya Bosi, akamlowesha paji la uso, akaanza kumnyoa.

Dastani akamuuliza anaifanyia nini mboga yake.

"Namnyoa," Bibiana akasema bila kugeuka. "Huyu kalelewa na Ladislaus, kalala ndani ya koti lake. Ni mfiwa, sawasawa na Stella. Wewe ukimtaka mbuzi, mchukue, sikukatazi. Nionyeshe tu huyo mbuzi yuko wapi."

Watu wakaangua kicheko. Dastani hakukubali upesi, akadai hajapata kuona mfiwa mwenye mkia. Bibiana akamjibu kwamba yeye Dastani mkia hana, na bado ukoo mzima unabishana kama ni mtu. Hapo hata wazee walishika mbavu. Dastani naye akacheka na kutikisa kichwa, akakiri kwamba leo kapatikana, kisha akaenda kufungua kamba.

Lakini hakuondoka. Alichuchumaa mbele ya yule mbuzi, akamshika kidogo pale palipokuwa pamenyolewa, na sauti yake ya mzaha ikawa imekwisha.

"Pole sana, Bosi," akasema. "Umempoteza baba."

Bibiana hakuwa amejiandaa kwa hilo. Maneno yale aliyatunga yeye mwenyewe sasa hivi tu, ili amuokoe mnyama wake, na kumbe yalikuwa kweli tupu. Akamkumbatia Bosi shingoni akalia kwa sauti, akimwambia kwamba baba harudi tena, na Stella akaja akakaa chini pamoja nao.