Kutajwa kwa Amedeus

Mashineni kwa Kunegunda, mtaa wa Bombambili, hakuna aliyewahi kusaga mahindi kimyakimya. Ukileta debe lako lazima ungoje zamu, na anayengoja zamu lazima ateue rais. Uchaguzi ulikuwa bado mbali, chama hakijatangaza hata lini fomu zitaanza kutolewa, lakini pale kwenye benchi majina yalishachekechwa kuliko unga. Huyu mzee mno. Yule ana maneno matamu ila hana watu. Yule mama wa pwani angefaa, tatizo mumewe anapenda madaraka kuliko yeye mwenyewe. Polikarp, mjumbe wa chama hapo mtaani, ndiye aliyejifanya kikao cha juu. Akisema jina limekatwa, basi limekatwa, mpaka atokee mtu mwenye mdomo zaidi yake alirudishe.

Safari hii likaingia jina ambalo hata Polikarp hakuthubutu kuligusa. Amedeus.

Huyo Amedeus, naibu waziri mwenye suti na miwani, alikulia nyuma ya mashine ileile. Mama yake, Ida, alifariki kule Maposeni mtoto akiwa bado ananyonya. Msibani akina mama walikuwa wakimbeba kwa kupokezana na kumwita masikini, yatima. Kunegunda, mdogo wake Ida, msichana ambaye hata uchumba alikuwa hajaujua, akamchukua mikononi mwao na kuwaambia waache kumtukana mtoto. Mama mdogo yupo, yatima ametoka wapi? Tangu hapo neno hilo hakuna aliyelitamka mbele yake.

Akaja naye mjini Songea, akapata kazi ya kuendesha mashine ya kusaga. Mwanamume mmoja wa Peramiho alitaka kumwoa, ila bila mtoto, naye akamwonyesha njia ya kurudia kwao. Mashine ikamsomesha Amedeus mpaka chuo, na yenyewe ikajilipa kwa kuyala masikio ya Kunegunda. Siku hizi hasikii mpaka upaze sauti, na simu anaiweka spika hata akipigiwa na padri. Siri za familia yake mtaa mzima unazijua, na hajali.

Basi watu walipoanza kumwita mama wa rais, alikuwa anawatimua kwa ufagio huku akicheka. Tusidanganyane, moyoni alikuwa anaogelea katika furaha. Mambo ya Ikulu hakuyataka. Alitaka kitu kimoja tu: siku Amedeus atakaposimama mbele ya nchi kusimulia maisha yake, aseme nani alimlea. Hicho tu. Kwa hicho angesema kazi yake duniani imeonekana.

Siku hiyo ikaja mapema kuliko alivyotarajia. Redio ilitangaza kwamba itawahoji wote wanaotajwatajwa, mmoja mmoja, na mchana ule ilikuwa zamu ya Amedeus. Kunegunda akazima mashine, mahindi ya watu yakabaki nusu humo ndani, na hakuna aliyelalamika. Redio ikafunguliwa mpaka mwisho.

Amedeus alisema vizuri, mdomo anao tangu utoto. Alieleza baridi ya Maposeni na kwenda shule pekupeku, na Polikarp akawa anatikisa kichwa kama vile na yeye alikuwepo. Ndipo mtangazaji akauliza nani alimlea. Kunegunda akajifuta unga usoni, kana kwamba redio ingemwona.

"Sikuwa na mtu," alijibu Amedeus. "Nilikuwa yatima. Nimejilea mwenyewe."

Shakila, mwanamke wa Tunduru anayeuza maandazi mlangoni, alisema "Astaghafirullah" kwa sauti ya chini. Kunegunda aliwaza ni masikio tu, yamezoea kumdanganya. Akamgeukia Shakila amweleze mtoto amesema nini. Masikini Shakila, alijaribu kunong'ona, ikashindikana. Ikabidi alirudie lile neno kwa kupiga kelele, mtaani kote likasikika. Kunegunda akakaa juu ya gunia la mtu.

Polikarp ndiye aliyejaribu kuokoa jahazi. Akaeleza kwamba hiyo ni siasa tu, wananchi wanampenda mgombea aliyeteseka, na mwenye mama wa kumpikia uji anaonekana hajateseka vya kutosha. Alikuwa bado anaeleza, simu ya Kunegunda ikaita, na aliyepiga ni Amedeus.

Watu wakapumua. Bila shaka anaomba radhi. Kunegunda akapokea, akaweka spika kama kawaida yake.

"Shikamoo, mama mdogo."

Tangu ajue kusema, mtoto huyo alimwita Kunegunda mama, mama tupu, bila udogo wowote. Aliitikia marahaba.

Amedeus alikuwa na haraka. Waandishi walishaanza safari ya kuja Songea kutafuta habari za utoto wake. "Wakikufikia, waambie wewe ni jirani tu," alisema. "Ni mpaka uteuzi upite. Halafu nitakuja mwenyewe tuyaongee."

Shakila alifunika mdomo kwa kanga. Polikarp, aliyekuwa ameshaandaa hotuba ya ushindi, alitazama chini. Kunegunda aliumia kuliko siku waliyomzika Ida, maana Ida hakupenda kumwacha. Aliitazama ile simu mkononi kama kitu alichookota njiani.

"Mama mdogo? Unanisikia?" Kisha sauti ikashuka, ya mtu aliyeanza kushtuka. "Hapo uko na watu?"

"Niko na watu, baba," alisema Kunegunda. "Niko na majirani zangu."