Swali la Nne Limenimaliza

Leo nimeshindwa hata kusema Amina.

Kazini tunaandaa hojaji ya kuuliza wanasayansi: viumbe vilitokana na mageuko, ama kuna akili iliyovibuni?

Asubuhi yote hapa Thika tumebishania swali la nne tu. Nilikuwa nimeandika, "Je, unaamini kuna Muumba?"

Daktari wetu wa baiolojia (wa PhD, si wa hospitali) akakataa kabisa. "Hilo neno Muumba linamvuta mtu kwa jibu. Toa!"

Nikaweka "nguvu fulani". Akakataa.

Nikaweka "mbunifu". Akacheka. (Mimi sikucheka.)

Saa ya chakula ikafika, mwenyekiti akauliza nani atatufungia kikao na maombi.

Mkono wa kwanza juu? Daktari.

"Ee Muumba wetu, wewe uliyepanga kila kiungo cha miili yetu kwa hekima..."

Woi! Nikafungua macho. Wenzangu wote wamefumba, wanaitikia kabisa.

Akamaliza, akanigeukia. "Sasa dada, lile neno umetoa?"

Nimefika nyumbani Ruiru, nimevua viatu, bado nawaza. Nyinyi mngemjibu aje?

Mimi nilisema, "Nimetoa, Daktari."

Chapati zilikuwa zinapoa.