Aliyejibu Badala ya Amani

Utaniambia nilichoka nikaota. Sikuota, na haikuwa hata usiku. Jua lilikuwa halijazama hapa Kamwokya. Niliyaona haya nikiwa nimeshika mkono wa mdogo wangu.

Amani alianguka na bodaboda kule Nakawa. Hospitali wakamshona paji la uso, wakaturudisha nyumbani. Nesi akanionya: "Usimwache peke yake. Kila baada ya muda mwamshe, muulize jina lake na mahali alipo. Akichanganya, mrudishe mbio."

Nikamuuliza. "Yaya, mimi ni Amani, tuko kwako, niache nilale." Aliniita yaya, yaani dada mkubwa, kama siku zote; nikamshukuru Mungu.

Kisha mvua ikashuka, umeme ukakatika, na mtu akapiga hodi. Kijana mwembamba, amevaa jaketi la bodaboda. "Nnyabo," akaniita kwa heshima, kama Waganda wanavyomwita mwanamke, "nimekuja kumwona abiria wangu." Nikamkaribisha. Wewe ungemfukuza? Mvua ilipiga bati kama mawe, lakini niamini, jaketi lake lilikuwa kavu.

Akaketi upande wa pili wa godoro. Nikamwamsha Amani. "Unaitwa nani?"

"Amani," akajibu yule kijana.

"Sikukuuliza wewe." Nikamtikisa mdogo wangu. "Uko wapi?"

"Kwako, yaya," akasema kijana, na sauti ilikuwa ya Amani, ile ile niliyoizoea tangu tuko Bukavu.

Hapo Amani akafumbua macho, akanitazama kama hajawahi kuniona. "Nze Musoke," akasema kwa Kiganda, yaani mimi ni Musoke.

Nilipogeuka, upande wa pili hapakuwa na mtu.

Nilimkimbiza hospitali kwenye mvua ile ile. Wakampiga picha ya kichwa, wakasema tumpe muda. Kesho yake nikaenda Nakawa, kwenye stendi ya bodaboda, kumtafuta yule kijana. Wenzake wakainamisha vichwa. Dereva wao Musoke alifia palepale barabarani, alipoanguka na Amani. Walikuwa wanajiandaa kwenda kumzika.

Muda tumempa. Kidonda kimepona. Amani, ambaye hakujua Kiganda hata cha kununulia nyanya, sasa anaongea Kiganda tu, na mimi ananiita nnyabo. Mama akipiga simu kutoka Kongo, anasikiliza kidogo, kisha ananirudishia simu, anasema kuna mama wa watu analia.

Wewe unayemlinda mgonjwa wa kichwa, akichanganya jina usingoje, kimbia naye. Na usiyemjua akipiga hodi, mwache huko huko nje. Mimi nilifungua kama tulivyolelewa. Sasa namlisha mgeni, na wangu sina hata kaburi la kumlilia.