Herufi Tano Nilizomshonea Ineza

Waliokuwepo siku ile ni hawa: mimi Faustin, fundi cherehani wa sokoni Kimironko, mdogo wangu Ineza, mwenye miaka mitano, dada yake Claudine, anayesoma sekondari na ana mdomo, Mwalimu Donatha wa chekechea, Mama Gisa, mteja wangu, ambaye gauni lake nilikuwa bado sijalimaliza, na wazazi wengine kama ishirini ambao majina yao siyajui, ingawa wao langu sasa wanalijua. Nawataja wote mapema kwa sababu mkiisikia habari hii kwa mmoja wao, na mtaisikia tu, ataongeza chumvi, na hakuna haja, ukweli wenyewe unatosha kunifanya nipitie nyuma ya shule hadi leo.

Wazazi wetu walituacha wote mwaka mmoja, Ineza akiwa bado anatambaa. Niliacha shule sekondari mwaka wa pili, nikakaa kwenye cherehani, na nikajiapia kwamba huyu mdogo ataingia darasa la kwanza pamoja na wenzake, hatabaki nyuma hata siku moja. Kwa hiyo Mwalimu Donatha (amekulia Bujumbura, Kiswahili kinamtoka bila kutafuta) aliposema kwamba watakaoziweza kazi za vidole na herufi ndio watakaopanda darasa la juu muhula ujao, nilikosa raha kabisa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: kila Ijumaa mtoto anapewa aje nyumbani na kipande cha gunia kilichochorwa herufi moja ya jina lake, sindano kubwa ya plastiki na uzi wa sufu, halafu anapitisha uzi kufuata mstari huku akitamka sauti ya herufi. "Vidole vinavyovuta uzi leo," alitueleza mwalimu, "ndivyo vitakavyoshika kalamu kesho, na herufi ambayo mkono umeipita, jicho litaitambua."

Ijumaa ya kwanza ilikuja I, mstari mmoja ulionyooka. Ineza akashona, ulimi nje, akaniletea, nikaona mshono wa tatu umekwenda pembeni. Mmoja tu! Lakini mkono wangu haujui kutulia mbele ya mshono uliopinda (ndio kazi inayotulisha), nikachukua wembe ninaofumulia nguo, nikautoa, nikaurudishia sawasawa, halafu wa nne ukaonekana mbaya kando ya wangu, nikautoa na huo, na wa tano, mpaka I nzima ikawa yangu. Wiki ya N sikungoja amalize. Kufikia Z tulikuwa na utaratibu wetu: Ineza anashona miwili, mimi nafumua, nashona upya, yeye anakwenda kucheza.

"Fausti, hiyo kazi ni ya mtoto," Claudine aliniambia.

"Namsaidia."

"Unamsaidia au umerudi chekechea?"

Nilimwambia akaoshe vyombo. Wiki ile ile Mwalimu Donatha akazibandika herufi zetu ukutani, akanishika mkono mlangoni: "Papa Ineza," (pale ndivyo wanavyoniita) "huyu mtoto ana mkono wa ajabu. Siku ya wazazi yeye ndiye atakayefungua, atashona A mbele ya watu." Hapo ndipo ilinipasa niseme ukweli. Nilisema asante.

Siku ikafika. Tukakalishwa kwenye viti vya watoto, magoti yakatufika masikioni, nami nikawa nageuka huku, nageuka kule, nasimama, nakaa, na nyuma yangu Mama Gisa ananong'ona, "Fundi, gauni?" "Kesho, mama." Mbele kulikuwa na meza, juu yake kitambaa cheupe cha nyuzi, chenye matundu matundu, ambacho mwalimu alikifuma kwa mkono wake, na bakuli la maharage ya kazi za watoto wengine. Ineza akapewa gunia lenye A. Akashona mshono mmoja, akaweka sindano chini.

"Mwalimu, naomba wembe."

Watu wakavuta pumzi.

"Wembe wa nini, mama?"

"Wa kufumua. Mimi nashona, tunafumua, halafu kaka anashona."

"Ayiwe!" Hiyo ilikuwa sauti ya Mama Gisa. Claudine alificha uso kwenye sweta, mabega yakitikisika.

Mwalimu alijaribu kutuokoa. "Haya, wembe tuuache. Hii ni herufi gani?"

"Ya kaka."

"Na ile ukutani?"

"Na ile ya kaka."

Ningebaki nimekaa, labda yangeishia hapo. Nikainuka, na kiti kikainuka nami (kilikuwa kimenibana kiunoni), nikakipiga kofi kikaanguka, nikasema, "Ana aibu tu, ngoja nimshikie gunia," nikapiga goti, na sijui ilikuwaje, sindano ikawa mkononi mwangu, macho yote mgongoni, nikashona ile A kwa kasi ambayo sijawahi kushona, miguu yote miwili na mstari wa katikati, nikakata uzi kwa meno na kuinyanyua juu waione. Kitambaa cha meza kikaja nayo. Nilikuwa nimevishona pamoja. Bakuli likateleza, maharage yakatapakaa chumba kizima.

"Fundi," akasema Mama Gisa, "gauni langu nirudishie leo leo, kabla hujalishona na pazia!"

Walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Watoto wakashuka kuokota, nami nikashuka nao, angalau niuinamishe uso. Ndipo mwalimu akachuchumaa karibu yangu, akaniambia kwa sauti ya chini nitazame vidole vya watoto. Wenzake Ineza walikuwa wanaokota punje moja moja kwa vidole viwili. Ineza alikuwa anakumba kwa kiganja, yanamponyoka, anakumba tena.

Kicheko chote kilikuwa hakijaniuma kama pale.

"Basi hatapanda darasa?" niliuliza.

"Nimpandishe kwa mkono wa nani, wako?" Akaokota punje moja, akairudisha bakulini. "Kuna wiki tano za likizo. Arudi na herufi tano. Zikiwa zimepinda, nitajua ni zake." Kitambaa chake alikifumua mwenyewe, msaada wangu aliukataa.

Wembe sasa unalala sokoni, na naapa mbele yenu sitaugusa tena mshono wa mtoto. Jioni Ineza anaposhona mimi nakalia mikono yangu, kweli nakalia, Claudine ndiye shahidi. Zile tano nilimnyang'anya, kwa hiyo ni deni. I tumeilipa, imejikunja kama mnyoo, na anaitamka akiiona hata kwenye kibao cha duka. N tumeilipa. E iko nusu. Z na A bado, likizo imebaki wiki mbili, na kila baada ya mshono anasimama kwanza, anautazama uso wangu. Hilo nalo ni deni, na sijui litalipwa kwa herufi ngapi.