Gari Lisilotaka Mguu wa Kushoto

Kaka yangu alikatwa mguu katika miaka ile ya vita ambayo barabara ya kupanda Bugarama, milimani, ilikuwa ikifungwa na kufunguliwa bila mtu kuelezwa sababu. Alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa Bujumbura. Alipanda milimani na chumvi na sabuni, akateremka na viazi na kabichi. Siku ile walikuwa kwenye msafara uliosindikizwa na wanajeshi. Kwenye kona moja walimiminiwa risasi kutoka migombani, na mojawapo ikampasua goti la kushoto. Dereva aliyekuwa nyuma yake alimvuta kutoka kwenye usukani, akamlaza juu ya mzigo wake mwenyewe, akashuka naye hadi hospitali. Madaktari walikata juu ya goti.

Alipozinduka aliniuliza lori liko wapi. Nikamwambia limeungua. Akageukia ukuta hadi jioni.

Mimi ni mdogo wake. Wakati huo nilikuwa natengeneza redio katika kibanda changu Buyenzi, mtaa mmoja wa Bujumbura, katikati ya magereji, mahali ambapo nyundo zinaanza kugonga bodi za magari kabla watu hawajamaliza chai. Kazi haikukosekana, maana kila nyumba ilitaka kusikia habari. Kaka alipotoka hospitali alianza kuja kwangu kila asubuhi kwa magongo. Alikaa kwenye benchi langu na kuangalia magari yakipita. Hakulalamika. Nadhani angelalamika ningechoka kidogo, lakini ule ukimya wake wa kutwa nzima ulinichosha kuliko kazi. Mke wake, shemeji yangu, aliuza mboga sokoni, na jioni alipita kumchukua kama mtu anavyopita kuchukua mzigo aliouacha mahali.

Ndipo wamisionari fulani waliokuwa na kituo upande wa Ruziba wakaamua kuondoka nchini. Kaka alikuwa amewaendeshea gari zamani, kabla ya vita. Walimwachia lori lao dogo, la Kimarekani, la dizeli, kuukuu, kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyelitaka. Lilikuwa na pedali mbili tu, ya mafuta na ya breki. Gia zilijibadilisha zenyewe. Nilipomwona kaka akichungulia chini ya usukani, akipapasa kwa ncha ya gongo mahali ambapo klachi ingekuwa na haipo, nilijua sitapumzika tena.

Gari hilo lilikuwa na sababu ya kutotakiwa. Giaboksi yake, ambayo Buyenzi tunaiita bwati, ilikuwa ikiamriwa na kompyuta, na kompyuta hiyo iliungua siku mtu alipofunga betri kinyume. Injini iliwaka vizuri. Lakini bwati ilibaki kwenye gia moja ya juu, haishuki. Kwenye tambarare ungeweza kusogea, taratibu, huku mafuta ya bwati yakichemka na kutoa harufu ya kitu kilichoungua. Kwenye mlima wowote, hata ule mdogo wa kupanda kuelekea hospitali, lilikuwa likikata pumzi na kurudi nyuma. Kompyuta kama ile haikupatikana mjini. Miaka ya vikwazo, nchi jirani zilipotufungia biashara, ilikuwa imepita, lakini maduka ya vipuri yalikuwa bado na rafu tupu.

Binamu yetu aliyekuwa amekimbilia Ulaya ndiye aliyetusaidia. Aliulizia huko, akaambiwa kwamba kuna kisanduku kinachotengenezwa na watu wengine kabisa, si wale waliounda gari, kwa kazi hiyo moja ya kuamuru bwati ya gari la zamani. Alikituma kwa msafiri, kikiwa kimeviringishwa ndani ya nguo za mtoto. Ndani mlikuwa na kisanduku cheusi kinachotosha kiganjani, fungu la nyaya za rangi nyingi, na karatasi za Kiingereza. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini mchoro wa nyaya niliuelewa.

“Itatembea?” kaka aliniuliza.

“Nikiunganisha vizuri, itatembea.”

“Basi unganisha. Mi nitashika taa.”

Tulifanya kazi nyuma ya kibanda, gari likiwa limeinuliwa juu ya magogo. Nililala chali chini ya bwati na mafuta machafu yakinidondokea shingoni. Kisanduku kilihitaji kujua mambo mawili. La kwanza, gari linakwenda kasi gani, na kwa hilo kulikuwa na kipimo kidogo nyuma ya bwati. La pili, dereva amekanyaga mafuta kiasi gani, na kwa hilo ilinibidi nifunge kipimo kingine kwenye mkono wa pampu ya dizeli, mahali ambapo hapakutobolewa tundu la kukishikilia. Nilikata bati, nikalikunja, nikalitoboa, likapinda, nikakata jingine. Umeme ulikuwa ukikatika, basi chuma cha kulehemia nyaya nilikipasha moto kwenye jiko la makaa, na kila nilipofika nacho chini ya gari kilikuwa kimepoa.

Kulikuwa na siku ambazo milio ya bunduki ilianza milimani juu ya mji, na watu wa mitaa ya juu wakapita mbele ya kibanda wakiwa na magodoro kichwani. Tulifunga mlango, tukakaa ndani, tukasubiri. Ikitulia, nilirudi chini ya gari. Sikumbuki kuogopa sana. Nakumbuka kwamba mikono ilikuwa mizito, na kwamba nilikuwa nikisahau waya gani nilikuwa nimeushika.

Siku moja kaka alikuwa ameenda kuswali Ijumaa, shemeji akaja peke yake. Aliweka kikapu chake cha mboga chini na kuinama akanitazama chini ya gari.

“Shemeji, toka huko kidogo.”

Nikatoka, nikajifuta mikono.

“Niambie ukweli. Hiyo kitu ikimalizika, gari itapanda mulima?”

“Itapanda.”

“Mpaka Bugarama?”

Nikainama kuokota spana.

“Ule mutu si wa kukaa huku chini,” alisema. “Atasema anaenda Gatumba, atasema anaenda Kajaga kuchukua samaki. Halafu siku moja atapanda na konvwa, ule musafara wa wanajeshi. Walichukua muguu, sasa watachukua mutu muzima. Shemeji, nakuomba. Fanya isitembee. Mwambie kitu kimeungua. We ndiye fundi, atakuamini.”

Hakulia. Alikuwa na uso wa mtu aliyeamka kabla ya alfajiri kila siku kwa miaka. Nilimwona amechoka kama mimi. Akanyanyua kikapu, akaenda zake.

Nilikaa kwenye benchi muda mrefu. Kumdanganya kaka kungekuwa kazi rahisi, waya mmoja tu. Lakini niliwaza asubuhi zote ambazo angekuja tena kukaa pale kuangalia barabara, na nikaona siwezi. Wala sikuweza kuchukua maneno ya shemeji na kuyafanya kama sikuyasikia. Kaka aliporudi msikitini nikamwambia yote kama yalivyosemwa.

Alisikiliza huku akizungusha kofia yake mkononi.

“Amesema hivyo?”

“Ndiyo.”

“Ako na haki,” alisema. Kisha akaivaa kofia. “Na mi niko na haki. Sasa we mudogo wangu, endelea tu. Yeye nitaongea naye mi mwenyewe.”

Kama waliongea, sikujua. Nilichojua ni kwamba siku zilizofuata shemeji alinisalimia kwa adabu, akapita.

Nyaya zilipokwisha tulishusha gari kwenye magogo. Kaka alipanda, akaweka magongo kando yake, nami nikaketi upande wa pili, akawasha. Gari likaondoka kwa gia ya kwanza, kwa nguvu, kama gari zima. Tukashangilia mapema mno. Kabla ya kufika mwisho wa mtaa lilianza kuruka. Lilipanda gia, likashuka, likapanda tena, likitutikisa hadi vichwa vikagonga paa. Kaka alikanyaga breki. Mafundi waliokuwa wamesimama pembeni walicheka, si kwa ubaya, lakini walicheka.

Nilifungua kila kiungo cha nyaya. Nikapima, nikafunga upya. Likaruka tena. Nikabadilisha waya wa masi, ule unaokwenda kwenye bodi, nikakwangua rangi hadi chuma kikang'aa. Likaruka tena. Kisanduku kilikuwa na skrubu ndogo za kurekebisha kasi ya kubadilisha gia, na nilizigeuza zote hadi nikasahau zilianzia wapi. Kila jioni kaka alishuka garini, akachukua magongo, akaniambia, “Kesho,” na mimi nikaanza kulichukia lile neno.

Mwishowe nilikata tamaa kwa namna ya mtu aliyechoka. Nilikaa ndani ya gari injini ikiunguruma, nikafungua redio yake ili nisikilize habari. Haikusikika. Ilikuwa ikilia, mlio mwembamba unaopanda na kushuka. Nikakanyaga mafuta, mlio ukapanda. Nikaachia, ukashuka. Kwa miaka nilikuwa nikiondoa mlio kama huo kwenye redio za madereva wa teksi. Ni dinamo, ile inayochaji betri, inapiga kelele ndani ya nyaya zilizo karibu nayo.

Nilizima injini, nikafungua boneti. Waya mwembamba wa kipimo cha mwendo niliupitisha mimi mwenyewe sambamba na waya mnene wa dinamo, nikazifunga pamoja kwa mpira ili zionekane nadhifu. Kisanduku kilikuwa kikisikia kelele za dinamo na kudhani ni magurudumu yanayokimbia. Niliutoa ule waya, nikaupitisha upande wa pili wa gari, mbali na kila kitu, nikausokota na mwenzake kama tunavyofanya kwenye redio.

Kaka alipanda. Tulikwenda hadi ziwani, tukarudi, tukapanda ule mlima wa hospitali. Gari lilishusha gia lenyewe, taratibu, likapanda. Yeye alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Nilisubiri aseme kitu kikubwa. Alisema, “Breki ya nyuma inavuta kushoto.” Nikacheka mpaka machozi yakatoka. Yeye hakucheka, lakini alipitiliza nyumbani, akazunguka mtaa wote upya, polepole, mkono ukiwa nje ya dirisha.

Kwa muda alifanya kama alivyosema shemeji kwamba atafanya. Alileta samaki kutoka Kajaga, na mihogo kutoka Ruziba. Gatumba alikwenda na wanawake wenye vitenge vya kuuza. Nilianza kuzoea kuona benchi likiwa tupu. Kisha asubuhi moja shemeji alikuja mbio kibandani, bila kikapu.

“Amepanda na konvwa,” alisema.

Alikaa kwenye benchi la kaka. Nilimletea chai, ikapoa. Sikuweza kutengeneza redio yoyote siku hiyo. Tulisikiliza habari, na kila habari ilipoisha tukasubiri nyingine. Mchana walipita watu wakisema msafara umefika juu salama. Baadaye wengine wakasema umepigwa. Baadaye wengine wakasema ule uliopigwa ni wa jana. Shemeji hakunilaumu. Nilitamani anilaumu.

Alirudi jua likiwa bado juu ya milima ya Kongo. Lori lilikuwa limejaa kabichi hadi juu ya ubao. Alisimama mbele ya kibanda na hakuzima injini. Shemeji aliinuka, akaenda hadi mlangoni mwa gari, akamtazama.

“Umepita pale kwenye ile kona?” aliuliza.

“Nimepita.”

“Umeona nini?”

“Sikuona kitu. Kuna majani tu. Gari ilishusha gia, nikapita.” Akajipangusa uso kwa mkono. “Nilizani nitasikia woga. Nilisikia usingizi tu.”

Shemeji alizunguka mbele ya lori, akafungua mlango wa pili. Akasogeza magongo, akaketi.

“Ukipanda tena, mi niko hapa,” alisema. “Mi nauza mboga. Nitachagua mwenyewe kabichi huko juu, hizi umeletewa mbovu.”

“Apana. We una watoto.”

“Na we una nani?”

Kaka alinitazama mimi, kana kwamba kuna waya wa kurekebisha jambo hilo. Sikuwa nao. Nikasema kwamba shemeji amesema kweli kuhusu zile kabichi.

Walipanda pamoja tangu hapo, kila mara barabara ilipofunguliwa, miaka yote iliyobaki ya vita. Mara mbili walirudishwa njiani, na mara moja kioo cha pembeni kilivunjwa na kitu ambacho hawakukubali kunieleza. Mimi sikuwahi kwenda nao. Kila waliporudi nililala chini ya lori, nikakagua viungo vyote vya nyaya, nikamwaga na kujaza mafuta ya bwati. Shemeji alikuwa akiniletea maji ya kunawa, naye aliinama pale pembeni akinionyesha kwa tochi mahali anapodhani pamelegea. Mara nyingi hapakuwa pamelegea. Nilikaza hivyo hivyo, ili aende nyumbani akalale.