Mama Pamba na Kufuli la Jirani

Asubuhi ile Mama Pamba aliamka kabla ya mumewe, kama kawaida. Akapiga mto wake makofi mawili, akaurudisha mahali pake. Chai ilikuwa ya rangi. Sukari daktari alikuwa amemkataza, naye alimsikiliza nusu. Akakaa kwenye kigoda mlangoni, akamnyooshea mumewe uzi na shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magodoro. Macho yake yalikuwa yamechoka, na kutunga uzi ilikuwa kazi ya mumewe siku hizi. Mzee akakosea mara ya kwanza. Mkewe akamwambia tundu la sindano halijahama tangu waoane. Wakacheka. Akashona mto wa mjukuu, akakata uzi kwa meno.

Hakuna lingine lililotokea. Kesho yake mto haukupigwa makofi.

Waliokuja kumzika walikuwa na mengi ya kumtaja, lakini wengi walitaja siku ya ukuta. Hata wasiokuwapo waliisimulia kama walioshika godoro kwa mikono yao. Kila mmoja alipunguza hapa, akaongeza pale. Basi ni vizuri isimuliwe ilivyokuwa.

Alikuwa fundi wa magodoro ya pamba. Watu walimletea magodoro yaliyobonyea mpaka yakawa kama mkeka. Aliyafumua, akatoa pamba, akaianika juani, akaichambua kwa vidole na kuipiga kwa fimbo mpaka ikavimba kama maziwa yanayochemka. Kisha akaijaza upya na kushona. Mumewe alibeba. Ndoa yao ilikuwa hivyo, mke vidole, mume mgongo. Mgongo ulipogoma, Mama Pamba alinunua pikapu kuukuu, akajifunza kuiendesha, na mume akabaki kuwa utingo wa mkewe. Hakuona aibu. Aliwaambia rafiki zake kwamba dereva wake anajua na kupika.

Ua wa nyuma waliutumia pamoja na jirani, fundi wa kufuli. Ukuta mmoja, bomba moja, lango moja. Mtaa mzima ulimwita Fundi Kufuli, mpaka jina alilopewa na mama yake likasahaulika. Alikuwa mtu mkavu, maneno yake ya kuhesabu. Mama Pamba alimwita shemeji, naye alimwita shemeji, na kila alipopelekewa chakula alirudisha sahani imeoshwa inang'aa. Mke hakuwa naye, mtoto hakuwa naye. Alikuwa na paka.

Paka mweupe, mnene. Jina lake Meneja, kwa sababu kila asubuhi alipita kukagua kazi za watu na yeye mwenyewe hafanyi yoyote. Meneja aliipenda pamba. Ikianikwa tu, yeye keshajikunja katikati, na manyoya yake yanaingia kwenye mali ya wateja. Mama Pamba alimfukuza kwa fimbo huku akisema, mtaa mzima ukisikia, "Ipo siku nitamshona huyu ndani ya mto." Watu walicheka. Fundi Kufuli naye alicheka. Lakini ulimi hauna mfupa, na neno la kicheko linaweza kukungoja kwenye kilio.

Siku moja Mama Pamba alipanda pikapu aende kuchukua vitambaa. Usiku upepo ulikuwa umevuma na kutawanya vibonge vya pamba ua mzima. Akatazama kwenye kioo cha pembeni, akaona weupe nyuma ya gurudumu. Mtu mwingine akiona kitu cheupe chini atashuka akitazame. Mama Pamba alikuwa ameona vitu vyeupe chini kila siku ya kazi yake, na kila siku vilikuwa pamba. Akarudi nyuma. Gari likainuka kidogo, likashuka.

Hakungoja kuulizwa. Alimfunga Meneja ndani ya kitambaa kipya cha godoro, kile cha mistari ya bluu, akambeba kwa mikono miwili mpaka mlangoni kwa jirani.

"Shemeji," akasema, "nimemuua Meneja. Sikumwona. Nilidhani ni pamba."

Fundi Kufuli alimpokea paka wake. Akachimba kaburi kando ya ukuta, akafukia, akanawa mikono bombani. Ndipo akafungua mdomo, na maneno yote aliyoyabana miaka ile yakatoka siku moja. Alisema paka wa ukubwa ule haonekani kwa asiyetaka kumwona tu. Alisema mtaa mzima ni shahidi, mwanamke huyu aliahidi kumuua na ametimiza. Alimwita muuaji, akamwita mwongo, na neno shemeji halikusikika tena. Akasema pikapu ile haitapita lango lile tena. Akaingia ndani, akatoka na kufuli aliloliunda mwenyewe, kubwa kama ngumi ya mtu mzima, tundu lake limefichwa pasipojulikana. Akalifunga langoni. Alikuwa akijisifu miaka yote kwamba kufuli lile linafunguliwa na mkono mmoja tu duniani, na sasa mkono huo ulikuwa umekunja ngumi.

Ingekuwa wakati mwingine, Mama Pamba angengoja hasira ipoe. Lakini alikuwa na kazi ambayo hakuwahi kuipata maishani, magodoro ya bweni jipya la wanafunzi wa uuguzi. Duka la magodoro ya sponji liliitaka kazi hiyo. Matroni wa bweni alisema atampa mama wa pamba nafasi moja. Magodoro yakiwapo siku ya kufungua bweni, kazi ya bweni itakuwa yake miaka yote. Yasipokuwapo, sponji. Na sponji ikishaingia bwenini, itaingia na majumbani, na fimbo yake ya kupigia pamba itabaki ya kufukuzia kuku.

Kuyapitisha ndani ya nyumba hakukuwezekana. Ukumbi ulikuwa mwembamba na una kona, na godoro lililoshonwa juzi halikunjwi. Ukilikunja, mishono inakatika na pamba inakimbilia upande mmoja, na anayelala analala bondeni. Sheria hiyo alijiwekea tangu msichana, hakuwahi kuivunja.

Mumewe alichukua nyundo aende akaling'oe lango. Mkewe alimpokonya. Alimwambia leo anaitwa muuaji tu, hataki kesho aitwe muuaji na mvunja lango. Mume akauliza basi watafanya nini. Akajibiwa kwamba watashona.

Sasa katika hasira zake Fundi Kufuli alikuwa amesahau jambo moja. Siku chache kabla ya msiba wa Meneja, alikuwa amempelekea Mama Pamba godoro lake alitengeneze. Lilikuwa bandani, limefumuliwa, pamba nje. Kwenda kulidai hakuweza, kiburi kilimkaba. Basi akawa analala juu ya mbao, na asubuhi akatoka anatembea kama mtu aliyemeza rula. Kinyozi wa ng'ambo ya kichochoro alimuuliza kama amejifungia kufuli la kiuno. Mume wa Mama Pamba alifurahi sana, akasema mwache alale na kufuli lake. Mama Pamba hakufurahi. Aliacha magodoro ya bweni, akachambua kwanza pamba ya jirani, akaijaza, akalishona kwa mishono ya karibu karibu kama anayeshona shela la bibi harusi. Mumewe akanung'unika kwamba wanapoteza muda kwa adui.

"Nimegombana na mwenyewe," mkewe akamjibu. "Godoro halijanikosea."

Siku ya bweni ikafika. Kulipopambazuka aliegemeza godoro la Fundi Kufuli kwenye mlango wake wa nyuma, kisha akauendea ukuta. Ukuta ule ulikuwa umepita kimo cha mtu, na juu yake vipande vya chupa vimesimama kama meno ya mamba. Mama Pamba akachukua godoro lake mwenyewe, lile alilolalia na mumewe, akamwambia mumewe walirushe juu. Likatua juu ya chupa, nusu ndani, nusu nje, kama mtu aliyepanda punda. Mume akapanda juu ya pipa. Mke akawa anayainua magodoro ya bweni kutoka chini, mume anayavuta na kuyatelezesha juu ya lile, na kule kichochoroni kinyozi na majirani wanapokea kwa vichwa. Kinyozi alikuwa amepata mikokoteni. La kwanza lilipomfikia akauliza kama anaweza kulijaribu kidogo kwa usingizi mfupi. Mama Pamba akamjibu kutoka ndani kwamba akilala atamshona humo humo. Kisha akauma ulimi, maana ule ule ndio uliomponza.

Kelele zilimtoa Fundi Kufuli nje. Akakuta godoro lake limesimama mlangoni kama mgeni anayebisha. Akaligusa, akaliacha. Akakaa kwenye stuli na tupa yake, akawa anasugua ufunguo ambao haukuhitaji kusuguliwa, huku akitazama magodoro yakipaa moja baada ya jingine juu ya ukuta, yamenyooka, hakuna lililokunjwa. Kufuli lake lilikuwa pale pale langoni, zima, imara, halina kazi.

La mwisho lilipovuka, watu wa kichochoroni walipiga vigelegele. Mume akashuka kwenye pipa, anacheka kama mtoto. Akamwambia mkewe wameshinda, waende. Mama Pamba hakwenda. Alijifuta jasho kwa pindo la kanga, akasimama mbele ya stuli ya jirani.

"Magodoro yametoka," akasema. "Jina langu bado umelifungia humu. Nalo nalitaka."

Fundi Kufuli akasema jina la muuaji libaki lilipo. Mama Pamba hakubisha. Alikubali kwamba alisema atamshona paka kwenye mto, tena si mara moja. Akamkumbusha kwamba yeye Fundi husema kila mwezi atamfungia mjomba wake kabatini, na mjomba bado anakuja kula. Kule nje mtu akacheka, na kichwa cha kinyozi kikachomoza juu ya ukuta, kimeegemea godoro.

Kisha Mama Pamba akamwomba jirani kofia yake nyeupe ya kazini. Fundi akampa bila kujua ya nini. Mama Pamba akamwambia apande pikapu, akae kwenye kiti cha dereva, ajifunike macho. Mwenyewe akachukua kikapu cha pamba akatawanya vibonge nyuma ya gari, hapa na pale, kama upepo unavyofanya. Kofia akaikunja mviringo, kama alalavyo paka, akaiweka karibu na gurudumu, pale pale alipokuwa Meneja.

"Haya, tazama kwenye kioo," akamwambia. "Usinionyeshe paka. Nionyeshe kofia yako mwenyewe."

Fundi Kufuli akatazama. Akajibu mara moja, ile ya karibu na bomba. Mume akaiendea, akaiinua juu watu waione. Pamba. Fundi akasogeza shingo, akasema basi ni ile kubwa ya kushoto. Mume akainua. Pamba. Watu walikuwa wameacha kucheka. Fundi akafuta kioo kwa mkono wa shati, akatazama sana, kama anavyotazama ndani ya kufuli lililokataa. Hakuonyesha tena. Akakaa humo, mikono juu ya usukani. Mume akainama, akaitoa kofia karibu na gurudumu, akaikung'uta vumbi.

"Shemeji," Fundi Kufuli akasema, na sauti haikuwa ile ya siku zile, "na mimi ningerudi nyuma."

Kinyozi ndiye aliyeanza kupiga makofi juu ya ukuta. Mama Pamba akainua mkono, makofi yakakoma. Akaenda kwenye kaburi la Meneja, akasimama kidogo, akaondoa jani lililoangukia pale. Kisha akachukua ufagio na kufagia ua wote mpaka pamba ya mwisho, watu wakimngoja. Tangu siku hiyo hakuwasha gari bila kufagia, hata mvua ikinyesha.

Fundi Kufuli akashuka, akaenda langoni. Alifanya jambo na kidole, hakuna aliyeliona vizuri, kufuli likaachia. Akalivuta lango wazi mpaka mwisho, akasimama kando kama askari. Mama Pamba akaitoa pikapu kichochoroni, majirani wakapakia magodoro kutoka kwenye mikokoteni, yakapanda juu kuliko kibanda cha dereva. Mume akakaa kando ya mkewe, ameshika mlango usiojifunga. Kule bwenini matroni alilala juu ya godoro la kwanza mbele ya wanafunzi wake, akachelewa kuinuka, na habari za sponji zikaishia hapo.

Lakini hayo yalikuwa ya baadaye. Pale langoni, kabla ya kuondoka, Mama Pamba alipiga honi, yeye ambaye hakuwahi kupiga honi mtaani. Watu wakaitikia kwa vigelegele. Akatoa kichwa dirishani, nywele zimejaa pamba, akamtazama Fundi Kufuli aliyeshika kufuli lake mkononi, akamwambia:

"Kufuli lako zuri, shemeji, sitalisema vibaya. Ila mimi mtu wa pamba, ukinibonyeza hapa, natokea pale."